Mistari Miwili Niliyoiacha Tupu

Siku yangu ya kwanza katika maabara ya hospitali, hapa Bukavu, enzi za Zaïre, médecin-directeur, daktari mkuu wetu, alinionyesha chumba chenye dirisha dogo, akaniita "raia" kama ilivyokuwa desturi ya enzi hizo: "Citoyen, hapa si kuuliza mugonjwa maneno. Tunaulizaka nyama tu." Nilicheka. Nilikuwa kijana mwenye haya, na agizo hilo lilinifurahisha.

Kazi ilikuwa hivi: daktari anakata kipande kidogo cha nyama, mimi nakizamisha katika parafini, yaani nta iliyoyeyushwa, kikiganda nakikata vipande vyembamba kupita karatasi ya sigara, navitandaza juu ya kioo na kuvitia rangi. Mtaalamu wa kuvisoma hatukuwa naye, kwa hiyo vioo vilipanda ndege kwenda Kinshasa pamoja na fomu. Fomu niliijaza mwenyewe kutoka kwenye rejista. Mistari miwili ya chini, ya magonjwa ya zamani, niliiacha tupu kila mara. Miaka ikapita, mimi na nta yangu, siku nyingine bila kutamka neno mpaka jioni. Upweke ule niliuita bidii.

Ndipo kikaja kipande cha Maman Nabintu, mwalimu wa mtaa wa Kadutu. Rejista ilisema: madoa ya zambarau kwenye ngozi ya titi. Jibu likarudi: vimishipa vya damu vimevimba, hakuna ubaya. Akarudishwa nyumbani.

Baada ya miezi minane madoa yalikuwa vidonda. Safari hii daktari mgeni alimhoji. Kumbe miaka sita nyuma masista walimpeleka Ulaya, akatibiwa saratani ya titi kwa mionzi. Tukatuma vioo vilevile, mistari imejazwa. Jibu: saratani nyingine, ya mishipa ya damu, adimu sana. Mionzi iliyomponya ndiyo huweza kuileta baada ya miaka. Wangejua mapema, waliandika, wangeshauri titi lote liondolewe upesi.

Nilikwenda wodini kumwomba msamaha.

"Papa, juu ya nini haukuniuliza?" aliniuliza sababu, bila hasira. "Ile siku nilikuwa mu banc, ile benchi ya pa mulango yako. Nilikaa pale mpaka saa kumi."

Alikufa kabla ya Pasaka.

Sasa nimestaafu, mke wangu hayupo, watoto wako mbali. Vijana wa maabara wakinitembelea huuliza habari za mashine. Mimi nawaambia watoke, wamsalimie mgonjwa, wamuulize ametibiwa nini na wapi. Wananiona mzee wa maneno mengi. Hawajui kwamba miaka yote niliyokaa mule ndani, nilizungumza na mgonjwa mmoja tu, na aliyeuliza swali alikuwa yeye.