Upande wa Saad

Zuhra hakulia. Wanawake wa Kasingirima waliokuja kumpa pole walilisema hilo chini chini, wengine wakiisifu imani yake, wengine wakimteta. Wote walikosea. Saad, mumewe, alianguka dukani kwao walikokuwa wakichapa na kutoa kopi, akazikwa jioni ile ile, na tangu hapo Zuhra alikuwa anakula akiambiwa ale na analala akiambiwa alale. Alikuwa kama mguu uliokaliwa ukafa ganzi.

Kitu pekee alichokuwa bado anakijali ni kompyuta ya duka. Saad alikuwa hodari wa maneno ila vidole vyake vilikuwa vizito mno. Mtu akitaka barua ya maombi, Saad alimsikiliza, kisha akaisema yote mbele ya kompyuta, na nukta zake, ikarekodiwa. Jioni aliileta kompyuta nyumbani, Zuhra akasikiliza na kuandika. Ndivyo walivyofanya kazi tangu waoane. Sauti zote zilikuwa humo, ndani ya programu ya kale ambayo hakuna aliyeipenda ila Saad; ukizihamishia kwenye flashi, hazifunguki popote.

Lakini mfumo wenyewe ulikuwa umechoka, umejaa virusi, na tovuti za siku hizi ziliukataa. Abdulmajid, mdogo wake Saad aliyelishika duka, alikuja kusema bila kuzunguka.

"Shemeji, nataka fundi aifute yote, aweke mfumo mpya. Duka limelala."

"Sawa," alijibu Zuhra, maana siku hizo kila kitu alikijibu sawa. Kisha akajisikia anaongeza, "Lakini upande wa Saad usiguswe."

Akaitwa Thobias, fundi wa Simbo, mtu mpole kupita kiasi. Alisema inawezekana: diski moja hugawanywa kama chumba kinavyokatwa kwa ukuta, mfumo wa zamani ukabaki huku na mpya ukakaa kule, na kompyuta ikiwashwa inakuuliza unaingia wapi. Ila umeme ukikatika wakati wa kugawa, unaweza kukosa pande zote mbili. Betri ya kompyuta ilikuwa imekufa zamani, na umeme wa mtaa ule haukuwa na adabu. Akashauri wasubiri mbalamwezi. Mwezi ukiwa mkubwa dagaa hawafuati taa, mitumbwi inalala ufukweni Kibirizi, na betri za kuwashia taa hazina kazi. Angeazima moja kwa shemeji yake Bonifasi, mvuvi.

"Nitasubiri mpaka hapo," alisema Abdulmajid. "Ikishindikana, inafutwa."

Siku ikafika. Zuhra alikuwa bado kwenye eda, kwa hiyo Thobias alikaa barazani na betri lake linalonuka dagaa, waya ukapita chini ya pazia. Zuhra hakutaka kompyuta itoke mikononi mwake, angebonyeza mwenyewe. Na kwa kuwa Bibi Hadija, mama mkwe, hakuona vizuri mjane aongee na mwanamume wa nje, alikaa kizingitini kupokeza maneno.

"Mwambie abonyeze endelea."

"Anasema ubonyeze endelea."

"Nimebonyeza."

"Amebonyeza."

"Ego, ndiyo, mama. Vizuri."

Walikuwa wanasikiana vizuri sana, lakini kila neno lilipita forodhani kwa Bibi Hadija kwanza.

Mara wakaja wageni kutoka Ujiji kutoa pole. Bibi Hadija akainuka kuwapokea uani, na salamu za watu wale si za haraka. Utaulizwa wazima, wagonjwa na waliosafiri. Huku ndani kioo kikauliza: kufuta diski yote, au kuuweka mfumo mpya pembeni ya ule wa zamani? Alama ilikuwa tayari kwenye kufuta.

Zuhra aliitazama. Hakuona hofu, na hilo ndilo lililokuja kumtisha baadaye. Aliwaza kwamba akibonyeza endelea hivyo hivyo, hakuna atakayemlaumu. Ingesemwa ni bahati mbaya. Abdulmajid angepata duka lake, naye Zuhra asingekuwa na kitu cha kukihofia tena. Kidole kilikuwa kimeshakaa juu ya kitufe.

Nje, Thobias alikohoa.

"Dada Zuhra. Imeuliza habari ya kufuta?"

"Imeuliza."

"Alama iko wapi?"

"Kwenye kufuta."

"Usiiache hapo, dada. Kaka Saad alikuwa mtu wetu."

Zuhra akaihamisha alama, akabonyeza. Kazi ikiwa katikati, redio ya jirani ilizima ghafla na feni ikasimama. Kompyuta iliendelea, ikila umeme wa dagaa.

Tangu siku hiyo ikawa na majina mawili kila ikiwashwa. Usipochagua, inahesabu kidogo na kuingia yenyewe upande mpya. Asubuhi, kabla Abdulmajid hajaichukua, Zuhra aliiwasha, akayatazama majina yale mawili, akaiacha ihesabu. Alijiambia kesho. Kesho yake akajiambia hivyo hivyo.

Eda ilipokwisha, alioga, akavaa, akaenda dukani. Elia, mkulima wa kahawa wa Kalinzi, alikuwa amerudi kuulizia barua aliyoiacha kwa marehemu. Abdulmajid alikuwa akimweleza mlangoni kwamba haipo. Zuhra akawasha kompyuta. Safari hii alishuka kwenye jina la pili.

Barua ilikuwa ya mwisho kabisa kurekodiwa. Saad alianza na anwani, kama kawaida yake, polepole, na vidole vya Zuhra vikamfuata bila kuulizwa. Aya ya kwanza, nukta. Aya ya pili. "Wako mtiifu, Elia," alisema Saad, halafu, kama alivyomalizia kila barua miaka yote ile: "Zuhra, mgongo usikuume. Inuka unywe chai."

Hayo hakuwahi kuyaandika. Leo vidole viliyaandika. Akayaona yamekaa kwenye karatasi, chini ya jina la mtu mwingine, na ganzi ikaanza kumwachia, nayo ganzi ikiachia inauma.

Abdulmajid alisikia kilio, akageuka. Alimshika Elia mkono wakatoka nje, akalifunga duka.