Kuku Aliyebaki Baada ya Matanga

Mama alipofariki, kuku wake wote walichinjwa kwa ajili ya wageni wa matanga, isipokuwa mmoja aliyekuwa akiatamia nyuma ya choo. Mayai yake yaliviza. Kuku akabaki peke yake, baba naye, polisi mstaafu, akabaki peke yake, wakazoeana.

Tuliishi Naguru. Baba alitoka kaskazini mwa nchi, mama ng'ambo ya mpaka wa Busia, na Kiswahili ndicho kilichowaunganisha. Baada ya mazishi baba hakuwa na maneno mengi kwangu. Kwa kuku alikuwa nayo.

"Ulikuwa wapi wewe? Mvua inakuja, unatembea tu kama mtu ya likizo."

Nilikuwa nimemaliza shahada na kupata kazi ya muda chuoni Kyambogo, kumsaidia mwalimu wangu aliyechunguza bakteria wa utumbo wa kuku. Kila kitu kilinitia wasiwasi. Nilikuwa nikirudi kukagua mlango wa friji ya maabara hata mlinzi akaacha kuniuliza nimesahau nini. Kwa hiyo mwalimu aliposema anatafuta kuku wa kienyeji asiyewahi kupewa dawa, nilijibu tunaye, ili tu nionekane nina faida.

"Mlete," akasema.

Kumleta ni kumchinja. Bakteria aliowataka wanaishi katika vifuko viwili karibu na mwisho wa utumbo, na wengi wao hewa huwaua.

Nilisoma, nikapata njia nyingine. Kuku hutoa kinyesi cha namna mbili. Kile cha kawaida kina kofia nyeupe. Kingine ni cha nadra, cha kahawia, kinanata na kunuka vibaya, nacho hutoka kwenye vile vifuko. Ukikiwahi kingali na joto, ukachota katikati na kukitia kwenye barafu, unapata karibu bakteria wale wale bila kisu.

Nikatandaza nailoni safi uani, nikamfungia kuku juu yake kwa wavu. Baba akaleta kiti.

"Daktari, tunangoja nini?"

"Mavi, baba."

"Nimelinda benki, nimelinda mawaziri. Leo ninalinda matako ya kuku."

"Na si mavi yoyote. Yale ya kahawia."

"Hata rangi unachagua!"

Tangu msiba hatukuwa tumekaa pamoja kiasi kile. Nikamweleza kwamba kifaranga huanguliwa tumbo lake likiwa karibu tupu, halina bakteria. Huwaokota baadaye, kwenye udongo, kwenye chakula, kwenye mkono unaomlisha.

Baba alimtazama kuku.

"Mkono ya mama yako," akasema. "Basi bado iko ndani. Kidogo."

Nilianza kupima kama ni sahihi kumjibu ndiyo. Nilipima hata nafasi ya kujibu ikapita.

Kinyesi kilipotoka, baba ndiye aliyekiona kwanza. Akasimama wima utadhani mkubwa wake amepita.

Mwalimu alikipokea kwa upole. Alisema nimechota vizuri, lakini sampuli nyingine zote zimetoka ndani ya vifuko vyenyewe. Tukichanganya njia mbili, hatutajua tofauti inatokana na kuku au na njia. "Mlete kuku, au tumwache."

Nikasema tumwache. Ila nilipofika nyumbani sikuweza kula, na baba alipouliza nikamwambia sampuli imekataliwa, wanataka utumbo wenyewe, labda na mkataba wangu hautaongezwa. Mwalimu hakuwa amesema neno lolote kuhusu mkataba. Hilo lilikuwa la kichwani mwangu.

Kesho yake jioni nilipokelewa na harufu ya mchuzi. Baba alikuwa amejifunga leso ya mama kiunoni. Akanikabidhi bakuli lililofunikwa kwa sahani.

Ndani mlikuwa na utumbo wote, na vile vifuko viwili. Alikuwa ameupasua kwa urefu, akaugeuza, akausugua kwa chumvi na limau jinsi mama alivyofanya, na kuusuuza mpaka ukawa mweupe kabisa.

"Peleka kwa mwalimu yako," akasema. "Wasiseme nyumba ya mke wangu iko na uchafu."

Hapakuwa na kitu cha kuchunguza tena.

"Asante, baba," nikasema. Nikavaa glavu. Nikautia utumbo kwenye mfuko, nikaandika lebo, nikaupanga kwenye barafu kwa utaratibu wote niliofundishwa, kwa sababu alikuwa amesimama pale akitazama mikono yangu.

Tukaketi kula. Mama alitufundisha kwamba firigisi ni ya baba, na hakuna mtoto aliyewahi kuigusa. Baba akaichota, akaiweka kwenye sahani yangu.

"Kula. Wewe ndiyo uko na kazi."

Niliitafuna muda mrefu. Giza lilipoanza kuingia, baba aliinuka akanawa mikono, akatoka uani kufunga banda la kuku, kama kila jioni. Nikasikia komeo likiingia mahali pake. Kisha sikusikia hatua zake zikirudi.