Mpelelezi Aliyesukwa Siku ya Msiba

Nashona nguo barazani kwa bibi yangu, huku Msalato pembeni ya Dodoma, na mikono ikichoka naandika riwaya kwenye simu. Shule niliishia darasa la saba, lakini kichwa changu hakijawahi kutulia, basi nikamtunga mwanamke mpelelezi wa kujitegemea, mwenye ofisi nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi pale mjini. Dodoma siku hizi kila mtu anajenga, nikaona hapo kesi hazitamwishia. Kiwanja kimoja kinauzwa kwa watu wawili, mume anajenga nyumba ambayo mkewe haijui. Kila Jumamosi natuma sehemu moja kwenye kundi letu la WhatsApp. Wasomaji wangu ni wateja wangu, na ndugu wa wateja wangu, na watu waliounganishwa humo hata sijui na nani.

Siku moja fundi seremala mmoja akaandika, "Mwandishi, huyu mpelelezi wako hana mama? Aliota kama uyoga?"

Watu wakacheka, na mimi nikacheka. Kisha nikakaa nikafikiri, anasema kweli. Mpelelezi anachimbua maisha ya kila mtu, ya kwake hayajulikani. Na kwa kuwa sikuwa na maisha mengine ya kumpa, nikampa yangu.

Nikaandika kwamba yuko ofisini peke yake, anakumbuka. Ni mtoto mdogo, amekaa chini katikati ya magoti ya mtu, anasukwa. Sura ya anayemsuka haioni. Anajua vidole tu, na harufu ya mafuta ya mgando. Vidole vinasimama kidogo, halafu vinaendelea. Jioni yake babu anaingia ndani, anasema, mama yako amekufa, amezikwa hukohuko Kondoa, na humu ndani asitajwe. Mtoto anajishika kichwa. Nywele zinauma bado kwa jinsi zilivyobanwa.

Hayo yote ni yangu. Nilichobadilisha ni rangi ya mlango.

Na vile vidole sikuvitunga. Tangu utotoni vinanijia. Nimeinamia cherehani, najisikia mtu ananigusa nyuma ya shingo, taratibu, kama anayetafuta mahali pa kuanzia msuko. Nikigeuka ni uwanja mtupu na mbuzi wa jirani. Nilizoea kujitania kwamba fundi mwenye oda za sare za shule hana nafasi ya mizimu. Lakini nilikuwa nageuka.

Sehemu ile iliwaliza watu. Halafu mama mmoja wa Haneti, ambaye hapendi kuandika, akatuma sauti, akaanza na salamu ya Kigogo.

"Mbukwenyi wanangu. Mwandishi, hadithi ni tamu, ila hapa umetudanganya. Mtoto kafiwa na mama yake mzazi, kichwani ana misuko? Nani kamwachia? Sisi huku msiba ukiisha tunanyoa mpaka mtoto wa mgongoni. Rekebisha hapo, mwanangu."

Seremala akadakia, "Labda nywele ni ushahidi, mpelelezi kazificha kwenye mkoba."

Nikajibu, "Shikamoo mama. Nitarekebisha."

Nikafungua ile sehemu. Kidole kikagoma. Ningerekebisha nini? Babu alipofariki, na si zamani, tulinyolewa wote, mpaka wajomba wanaojipendea nywele zao. Mimi nilipoambiwa mama amekufa nilikaa na misuko yangu mpaka ikalegea yenyewe, bibi akaifumua.

Hapo mpelelezi wangu akanigeukia mimi, akaniuliza. Na kingine ambacho hujawahi kukiuliza ni kipi?

Magauni. Kila mwaka kabla ya Krismasi, basi la Kondoa lilikuwa linashusha mzigo wetu barabarani. Ndani kuna kidumu cha asali na gauni langu. Bibi alisema ni vya rafiki yake wa usichanani. Kila gauni lilikuwa kubwa kidogo, mabega yanaanguka, bibi analipunguza. Aliyelishona alikuwa kama ananikadiria kutoka mbali. La mwisho lilikuja mwaka niliomaliza shule, na hilo lilikuwa kubwa kabisa, tungeingia wawili kama mimi. Bibi akalitia chini ya sanduku la bati. Mzigo mwingine haukuja.

Nikamfuata uani. Alikuwa anapepeta uwele.

"Bibi, mama alipokufa mbona sikunyolewa?"

Ungo ukasimama.

"Ulinyolewa."

"Nilisukwa, bibi. Nakumbuka. Nadhani alinisuka mama mdogo."

"Mama yako mdogo huyu? Kusuka kamba ya mbuzi kulimshinda, ataweza kichwa cha mtu?" Akataka kucheka, hakuendelea. "Aliyekusuka ni mama yako. Asubuhi ile alikuja kukuaga."

Akanieleza bila kunitazama. Mama alipendana na mfanyabiashara wa Kondoa, akafuata dini ya mume. Babu alikuwa mzee wa kanisa, na akishasema amesema. Akasema aende, mtoto abaki, na kwake yeye huyo ni marehemu.

"Na wewe, bibi?"

"Mimi nilikuwa nakwenda barabarani kupokea mzigo," akasema.

Mimi sikuwa namsikiliza tena vizuri. Moyo ulishapanda basi. Kondoa si mbali, lami ipo, ukiondoka asubuhi mchana unakula huko. Nilijiona nimeshika mfuko wenye gauni nililomshonea mimi, nimemkadiria kwa mwili wa bibi. Na yeye anafungua mlango, ananitazama nywele kwanza.

"Kwa hiyo yuko wapi hasa, bibi? Mtaa gani?"

Bibi akaanza kupepeta tena, na makapi yalikuwa yamekwisha zamani.

"Nimekwambia ulinyolewa, mwanangu."

"Lini?"

"Ulipomaliza shule."

"Bibi, yale yalikuwa mapunye."

"Na mimi nilikuwa na mapunye?"

Nikakumbuka. Alininyoa hapohapo uani, polepole mno, ananishika kichwa kama yai. Halafu akampa jirani wembe, akanyolewa na yeye. Babu akatoka, akatuangalia vichwa vyote viwili, akachukua fimbo yake akaenda zake bila kuuliza. Mimi nilicheka siku nzima. Nilimwambia bibi tunafanana kama vibuyu. Bibi alicheka na mimi huku anajifuta macho, akasema ni sabuni.

Yale ndiyo yalikuwa matanga ya mama yangu, na mimi nilikuwa nacheka.

"Aliugua?"

"Aliugua muda. Alikuwa anajua." Akaweka ungo chini. "Lile gauni la mwisho hakukosea kipimo."

"Mbona hukuniambia, hata babu alipoondoka?"

"Kila siku nasema kesho. Halafu nakuona unacheka na hiyo simu yako, nasema mwache kwanza."

Kabla ya kuingia ndani nikamwandikia mama wa Haneti: mama, nimeshindwa kurekebisha, mtoto alisukwa kweli. Akanirudishia sauti fupi. "Basi mama yake hakufa siku ile."

Nikafungua sanduku. Gauni lina harufu ya dawa ya nondo. Nililigeuza ndani nje kwanza, ndivyo mafundi tulivyo. Limeshonwa kwa mkono, na kwenye pindo la chini ameacha kitambaa cha kutosha, endapo ningerefuka kuliko alivyodhani. Nikalivaa. Urefu umekaa sawasawa. Mabegani linapwaya kidogo.

Bibi akaja nyuma yangu na pini zangu mdomoni, kwa mazoea, akakusanya kitambaa nyuma ya shingo ili alipunguze. Vidole vilikuwa vikavu. Safari hii sikugeuka.

"Liache hivyohivyo, bibi," nikamwambia.

Akazitoa pini mdomoni moja moja. Mikono hakuiondoa.