Taa ya Shaba

Nikinusa ukwaju, mikono hunitoka jasho. Utotoni nilikuwa nikimfuata mama nyumbani kwa Mhindi mwenye duka, ambako alisugua kwa ukwaju vyombo vyao vya shaba vya ibada. Siku moja mwenye duka alikuwa amevuka mto kwenda Mahenge, na mvua ilikuwa haikatiki. Mama aliikuta taa ya shaba bado inawaka, akaipuliza kama koroboi.

“Umeizima kwa mdomo?” mke wa mwenye duka aliuliza kutoka mlangoni.

“Samahani, mama. Nilitaka ing'ae kabla bwana hajarudi.”

“Si niliiwasha ili arudi!”

Aliiwasha upya. Tukakaa chini sote, tukisikiliza barabara ya kivukoni mpaka giza likaingia. Hakuna gari lililokuja.

Hadi leo sipulizi mshumaa. Nakaa nao mpaka uishe wenyewe.