Swali Ambalo Mama Aliuliza kwenye Simu

Siku hizi nikimtumia dada yangu pesa Bujumbura, simu inanionyesha jina lake, inaniuliza kama ndiye, nabonyeza, basi. Chai yangu haijapoa. Wanangu wanadhani dunia ilianza hivyo. Nikiwaambia kwamba wakati wa vita tulituma pesa kwa kusoma namba kwa sauti katikati ya soko la Rumonge, mbele ya wauza ndagala, dagaa wa ziwa letu, wananitazama kwa huruma.

Ilikuwa miaka ya mwisho ya vita, na simu za mkononi ndiyo kwanza zimefika huku mwambao wa ziwa. Dada yangu alikuwa amejifungua Bujumbura kwa kupasuliwa. Mtoto mzima, mama mzima, lakini hospitali haikumruhusu kutoka mpaka alipe. Mume wake alikuwa amevuka kwenda Tanzania, na hatukujua yuko kambi gani ya wakimbizi. Basi dada alikaa pale wiki ya pili na kichanga chake. Kitanda alishanyang'anywa, akalala kwenye mkeka pamoja na akina mama wengine waliozuiwa kama yeye. Alikula walichomgawia wenzake, na maziwa yalianza kumkauka.

Mama alikuwa na pesa, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Aliuza madumu yote ya mawese aliyokuwa ameyaweka, pesa akazifunga kiunoni kwenye kitenge. Lakini nani wa kuzipeleka? Basi dogo la mwisho kwenda Bujumbura lilikuwa limeshambuliwa njiani, na madereva waligoma kuondoka. Mama akasema atakwenda kwa miguu. Nikamwambia, nenda, tukuzike huko huko. Nilikuwa na miaka ishirini na mdomo usio na breki.

Mwenye kibanda cha simu sokoni ndiye aliyetuonyesha njia. Unanunua kadi za kukwangua, unakwangua, kisha unazisoma namba zake kwa mwenzake aliyeko Bujumbura, ambaye naye ana kibanda. Yule anaziingiza kwenye simu zake, anawauzia watu dakika, halafu anampelekea mtu wako pesa mkononi, akijikatia chake kidogo.

"Ni muaminifu?" Mama akauliza.

"Sijamuona kwa macho, mama. Lakini hajakula pesa ya mutu."

Mama alifungua kitenge polepole sana. Tukanunua kadi, nikakwangua kwa ukucha, nikaanza kusoma. Sauti ya upande wa pili ilikuwa ya kijana mpole, anarudia kila tarakimu baada yangu. Kadi zote zilipokwisha akasema, "Ni sawa, yote imeingia. Kesho asubuhi niko kwa dada yako." Nikataka kukata, maana dakika zilikuwa zinakwenda. Mama akaninyang'anya simu.

"Amahoro, mwanangu," Mama akamsalimia.

"Amahoro, mama."

"Murakoze, asante sana. Sasa niambie, weye uko mutoto wa nani? Wazazi wako ni wa upande gani?"

Hapa lazima nieleze. Kwetu mtu mzima akitendewa wema na kijana, humuuliza hivyo. Ndiyo adabu: unataka kujua mzazi gani wa kumshukuru, nyumba gani ya kupeleka salamu. Mama alikuwa akiwauliza hivyo wateja wake, makondakta, hata wauguzi waliokuwa wakimdunga sindano. Ila miaka ile swali hilo hilo liliulizwa na watu wenye bunduki kwenye vizuizi, na jibu lake ndilo lililoamua nani ataendelea na safari. Nadhani ndiyo sababu wengi wetu mwambaoni tulizidi kukishika Kiswahili. Ukikisema, hakuna aliyejua umetoka mlima gani, yaani kwenu ni wapi na wewe ni wa kina nani.

Mama akaibana simu sikioni.

"Alo?" Mama akasema. "Alo?"

Ilikuwa imekatwa. Tulipopiga tena, ilikuwa imezimwa.

Nilimgombeza mama mbele ya watu, na mpaka leo naona aibu. "Umemuuliza kabila lake! Pesa yote iko kwake, na weye unamuuliza kabila!" Mama alikaa juu ya dumu tupu. "Nilitaka kumushukuru tu," akasema.

Siku mbili tulipiga, siku mbili simu ilikuwa imezimwa. Mama hakugusa chakula. Kilichonikera ni kwamba pesa hakuzitaja hata mara moja. Kila nikimkaribia alisema, "Nimemuogopesha mutoto wa watu." Mimi nilimwaza dada yangu pale kwenye mkeka, na moyoni nilimchukia mama kidogo. Nasema hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa.

Siku ya tatu mwenye kibanda alikuja kutuita mbio: dada amepiga, atapiga tena. Tulikimbia, mama na kandambili moja tu mguuni. Simu ikalia, nikaipokea.

"Nimetoka," dada akasema. "Amelipa yote. Alikuja mwenyewe, ameninunulia na uji."

Nililia pale pale, sikujali nani ananiona. Mama akachukua simu. "Na yeye iko wapi?"

"Iko hapa, simu ni yake. Lakini hataki kusema, mama. Anaogopa."

"Muwekee simu kwa sikio."

Mama aliamini kwamba Bujumbura, kwa vile ni mbali, lazima mtu apaze sauti. Basi akapaza. Alitaja jina la baba yake na mlima aliozaliwa. Alitaja kabila lake. Akataja kabila la marehemu baba yetu, ambalo ni tofauti na la mama, na namna nyumba yetu ilivyochomwa mwaka wa kwanza wa vita, na kwamba waliokuja kumchukua mumewe walikuwa ndugu wa mama mwenyewe, watoto wa baba yake mdogo. Mimi mwenyewe mambo hayo nilikuwa nayajua nusu nusu, kwa kusikia minong'ono. Nikamvuta kitenge anyamaze. Nyuma yetu kulikuwa na foleni ya watu saba au wanane, na hakuna aliyejua mwenzake ni nani wala ana nini moyoni. Mama hakugeuka. Hakuna aliyesogea kwenye foleni, hata wauza ndagala waliacha kuita wateja.

"Sasa unanijua!" alimaliza, jasho likimtoka. "Mimi sikuulizi kitu, mwanangu! Nisamehe!"

Nilibandika sikio langu karibu na la mama.

"Mama," kijana akasema, kwa sauti ya chini sana, "sema polepole. Mujukuu wako amelala hapa kwa mukono yangu."

Mama akashusha sauti, akaanza kumuuliza kama mtoto ananyonya vizuri.