Moshi wa Felista

Watu wa kijijini wanamsema Felista kuwa ni mkali. Ndiyo, ni mkali. Na wewe ungelala siku kumi na tisa peke yako juu ya Mlima Mpughi, mwezi wa saba, halafu ukashuka ukakuta alichokikuta yeye, tungeona ungekuwa mtamu kiasi gani.

Mwezi wa saba Singida si mwezi wa kuchezea. Upepo unatoka mashariki hauna haya, unamwingia mtu mpaka kwenye meno. Huko bondeni watu wanajificha nyuma ya ukuta. Mlimani ni mawe matupu, na miti iliyokwisha kupukutika.

Mume wake aliitwa Mughwai. Kila mwaka wakishavuna uwele alikuwa anakwenda porini upande wa Itigi kurina asali, anapiga kambi peke yake, miezi miwili au karibu na hiyo, ndipo anarudi na madebe yake na nta. Na kwao walikuwa na mwiko. Mwanaume akiwa kambini, moto aliouacha jikoni kwake hauzimwi, na hauhamishwi. Mke anaulinda palepale. Ukizimika, nyuki wanamgeuka, au anapotea njia, au anapatwa na jingine. Na mtu akiuzima kwa mkono wake, hata awe ndugu wa tumbo moja, huyo amemzika mwenzake angali hai. Lazima atoe kondoo, na aseme kosa lake mbele ya ukoo wote. Siku hizi vijana wanacheka mambo hayo. Wacheke, meno ni yao.

Mwaka wa sabini na nne Mughwai aliondoka mwezi wa sita. Pale mlangoni alisema, "Nikirudi nikute moshi."

"Utaukuta," Felista akasema.

Basi, hayo ndiyo yalikuwa maagano yao. Wanaume wa kule hawana maneno ya kubembeleza. Ukisikia hayo ujue umependwa.

Hakufikisha mwezi, operesheni ikafika. Kila mtu ashuke, aende kijiji kipya cha ujamaa chini kwenye barabara ya Mkiwa. Kwamba kutakuwa na shule na zahanati na bomba. Maneno yenyewe hayakuwa mabaya. Wabaya walikuwa waliotumwa kuyaleta. Walikuja asubuhi na mgambo, wanapanda juu ya tembe, wanang'oa boriti, udongo unawaangukia watu kwenye vyungu. Na aliyewaongoza nyumba kwa nyumba alikuwa balozi wa nyumba kumi, Bonaventura, kaka mkubwa wa Mughwai.

"Shemeji," Felista akamwambia, "toeni paa, chukueni na mlango. Jiko liacheni."

"Jiko la nini? Kule utapewa kiberiti."

"Mdogo wako yuko kambini. Unajua."

Bonaventura alijua. Alikuwa anajua kuliko Felista, maana mwiko ulikuwa wa kwao. Lakini kijana mmoja wa mgambo akacheka, akasema, "Balozi, leo unagombezwa na wapika mlenda!" Wenzake wakacheka. Mwanaume mdogo akichekwa hufanya jambo kubwa. Bonaventura akanyanyua mtungi wa maji, maji aliyoyabeba Felista kichwani alfajiri ile, akayamwaga jikoni.

Jiko likatoa mlio, na mvuke ukajaa nyumba isiyokuwa na paa.

Felista hakumwita shemeji tena. "Bonaventura, umemmwagia mdogo wako maji ya maiti mbele ya watu. Akirudi utamwambia nini?"

Wale mgambo hawakuelewa. Bonaventura alielewa. Akageuka, akaenda nyumba ya pili.

Jioni ile walikuwa wote bondeni, kila mtu ameonyeshwa kiwanja chake, vijiti vinne na kamba. Felista hakuweka hata kinu chini. Alimchukua binti yake Cecilia, mtoto wa miaka minane, akampeleka kwa wifi yake Theodora, dada yao Mughwai na Bonaventura.

"Mama, twende wote," Cecilia akasema.

"Kaa na shangazi. Juu kuna baridi. Baba akija tutashuka naye."

Alisema hivyo kumnyamazisha mtoto. Maneno ya kumnyamazishia mtoto ndiyo yanayokaa kichwani mwa mtoto.

Akapanda. Kigogo cha mkola alichokiacha jikoni kilikuwa kirefu, mkia wake ulifukiwa na majivu nyuma ya mafiga, na maji hayakufika kule. Alichimba kwa vidole. Akakuta kaa moja, dogo kama punje ya hindi. Aliliwekea kinyesi kikavu cha ng'ombe, akalipuliza mpaka machozi yakamtoka. Lilipowaka alikaa chini.

Ndivyo alivyoanza kukaa peke yake mlimani. Kona moja ya tembe ilikuwa bado imesimama, kuta mbili. Juu yake akatandika mabua ya uwele na ngozi ya ng'ombe, akaigandamiza kwa mawe, maana upepo ule ungeipeleka Manyoni. Madongo ya ukuta ulioanguka akayapanga kuzunguka jiko. Usiku wa kwanza alitetemeka mpaka taya likauma. Wa pili akapata akili: alipasha mawe motoni, akayafunga kwenye matambara, moja mgongoni, mawili miguuni. Yakipoa anaamka, anayarudisha, anageuza kigogo, analala kidogo tena. Usingizi wa vipande vipande. Asubuhi ukungu unakuwa umekaa juu ya ngozi kama maziwa yaliyomwagika, na maji ya kwenye jabali ukiyatia mkononi yanauma kama kisu. Mchana, jua likishika, analala juu ya jiwe kama mjusi. Fisi walikuja mara mbili. Aliwatukana, wakaondoka. Yeye mwenyewe hakuwa na hofu ya fisi. Hofu yake ilikuwa moja tu: asilale akapitiliza, Mughwai akatokea kule chini kwenye njia, akatazama juu, asione moshi.

Kwa hiyo alikuwa anaweka majani mabichi motoni kila asubuhi ili moshi upande mnene. Kutoka kijijini mtu yeyote aliuona.

Theodora alikuwa anamwekea unga wa uwele chini ya mwamba, pale mlima unapoanzia, kila siku ya tatu. Felista anashuka, anachukua, anauliza habari za mtoto kama Theodora yupo, anarudi haraka. Siku ya kumi na tano alishuka, hakukuta unga. Akasema labda kesho. Kesho yake hakuna. Akawa anakoroga uji mwepesi, anakunywa asubuhi, jioni anakunywa maji ya moto. Hakwenda kijijini kuuliza. Angekwenda! Lakini kwenda na kurudi ni nusu siku, na moto ulikuwa hauna mtu mwingine.

Siku ya kumi na tisa, saa nne asubuhi, Theodora akapanda mwenyewe. Akasimama mbali.

"Wifi, mbona unanisimamia huko? Nina upele?"

"Mughwai alikuja," Theodora akasema.

Felista akainuka. Akajifunga kanga vizuri, akapangusa majivu usoni kwa mate, akaweka nywele sawa. "Yuko wapi? Anapanda? Mbona hukusema nikateka maji?"

"Alikuja Jumapili."

Ilikuwa Ijumaa.

"Alisikia habari za operesheni hukohuko porini, akaacha mizinga, akarudi mbio. Bonaventura akamwahi barabarani kabla hajafika kwangu. Akamwambia, mkeo amekataa kijiji, amefuata mwanaume mlimani, mmoja wa wale waliokimbiza ng'ombe wao wasihamishwe. Mughwai akakataa. Bonaventura akamwambia, basi tazama mwenyewe, moshi si ule?"

Felista akageuka. Alitazama moshi wake.

"Na wewe ulikuwa wapi?"

"Nilikuwepo."

"Ukasema nini?"

Theodora akatazama miguu yake. "Ni kaka yangu mkubwa. Halafu ni balozi, wifi. Orodha ya mahindi ya njaa anaandika yeye."

"Nakuuliza ulisema nini."

"Sikusema."

"Cecilia yuko wapi?"

Hapo Theodora akaanza kulia. Watu wa namna hii wana machozi mengi, ila yanachelewa. "Amemchukua. Asubuhi ya Jumatatu wamepanda lori Mkiwa. Mtoto alisema, mama yuko juu, amesema tutashuka naye. Baba yake, kusikia hilo "naye", akambeba begani, akasema huyo si mama."

Bonaventura hakumchukia Felista. Ingekuwa chuki ungeelewa. Aliogopa. Aliogopa mdogo wake atapanda, atakuta jiko lenye matope, atauliza nani alimwaga maji. Ili kuokoa kondoo mmoja na aibu ya siku moja, akachinja nyumba nzima. Na huyo Mughwai naye! Mtu anayekaa porini miezi miwili anafuata nyuki, anashindwaje kupanda mlima wa mwendo wa saa mbili akaone kwa macho yake? Moshi ule yeye mwenyewe ndiye aliyeuagiza. Lakini mwanaume akishadanganywa juu ya mke wake anajiona amepewa siri, hataki tena kuuliza.

Felista alishuka mbio, mguu mmoja una kiatu cha tairi, mwingine hauna. Pale Mkiwa njia panda mama muuza uji akamwambia ndiyo, mwanaume mwenye madebe ya asali na mtoto wa kike, walipanda lori la ngozi kwenda Itigi. Mtoto alikuwa amevaa gauni la bluu. Lilikuwa kweli gauni lake.

Akaenda Itigi kwa miguu, siku mbili. Stesheni akamuuliza karani. Karani akasema Jumanne treni zilipita zote mbili, ya Tabora na ya Dodoma, yeye hakumbuki sura za watu. Felista alisimama kwenye reli akatazama upande huu, akatazama upande ule. Nauli hana, na hata angekuwa nayo, angekata tikiti ya wapi? Alikaa hapo mpaka mfagiaji akamwambia, "Mama, hapa si pa kulala."

Akarudi kijijini. Akajenga kwenye vijiti vyake vinne. Mjane si mjane, mke si mke. Kanisani walimweka benchi la nyuma. Wazee wakamwambia aolewe, akawauliza, "Mnaniozesha nikiwa wa nani?" Bonaventura alipita mlangoni kwake kwenda ofisini kila siku ya Mungu, na kila siku Felista alimwuliza kwa sauti watu wasikie: "Balozi, kondoo yuko wapi?" Mwanzoni watu walicheka. Halafu wakachoka, wakasema mama huyu hana msamaha. Msamaha unaombwa. Yeye hakuombwa hata siku moja.

Cecilia alikuja mwaka wa themanini na sita. Alishuka kwenye basi saa nne, msichana wa miaka ishirini, mrefu kama baba yake, ana mtoto mgongoni. Kiswahili chake cha Tabora. Akaelekezwa. Felista alikuwa anapepeta.

"Shikamoo."

"Marahaba." Felista akanyanyua macho. Ungo ukamtoka mkononi.

"Mimi ni Cecilia. Baba amefariki mwaka jana. Nimeona nije tu nipaone."

Akakaribishwa kigoda, akapikiwa chai. Felista alitaka kumshika, mkono ukawa hautoki kwenye paja. Akamshika yule mtoto mguu.

"Baba alikuwa hataki nikutaje," Cecilia akasema. "Sikuja kugombana. Nina swali moja, halafu basi langu linarudi saa nane. Yule mwanaume wa mlimani alikuwa nani?"

"Alikuwa baba yako."

"Mama, mimi ni mtu mzima."

"Nami nakuambia kama mtu mzima. Kule juu nilikuwa namngoja baba yako. Hapakuwa na mwingine."

"Baba hakufika kule."

"Hakufika."

Cecilia akanywa chai. Usoni hakuonyesha kama ameamini au vipi. Felista akamwambia, "Kamuulize baba yako mkubwa. Anakaa pale chini ya mti wa mkungugu. Muulize nani alimwaga maji."

Akaenda. Felista alisimama mlangoni anatazama. Bonaventura alikuwa amezeeka, fimbo mkononi, macho mabovu. Alimpokea binti kwa furaha, akamwita mwanangu, akambariki mtoto. Cecilia akainama, akauliza. Mzee akachorachora chini kwa fimbo. Halafu sauti yake ikasikika mpaka kwa Felista: "Hayo mambo ya zamani, mwanangu. Mama yako ameteseka, akili nayo imechoka. Mvumilie." Akaita watu wa nyumbani kwake wamkamatie binti jogoo.

Cecilia akarudi kuaga, jogoo kwapani. Alimshika mama yake mkono, mkono wa kuagana na jirani. "Nitaandika," akasema.

"Andika."

Felista alimsindikiza mpaka barabarani. Basi lilipokuja, kondakta akauliza jogoo anakwenda juu au anapakatwa. Cecilia akasema atampakata, amepewa na baba yake mkubwa.