Kozi ya Hesabu Niliyokwenda Peke Yangu

Nakumbuka asubuhi moja ya ukungu pale Kasongo, mwanangu, mji wote kama bado unaota, tulipoambiwa sisi wa mwaka wa kwanza chuoni tuchague kozi ya hesabu. Hata mimi niliyekuja kusoma uuguzi nilipaswa kuchukua moja; ndiyo sharti la chuo kwa kila mtu. Kulikuwa na aljebra na takwimu. Yoyote ingetosha.

Furaha, rafiki yangu tangu utoto wetu kule Wamaza, alisomea ujenzi, akachagua aljebra. Nikasema namfuata. Tulizoea kukaa benchi moja, hata kusinzia pamoja mwalimu akisema polepole.

Nilikuwa ninakaa kwa baba mukubwa, kaka yake baba yangu. Siku ile akaniuliza, "Kazi yako itakuwa gani?"

"Kutunza wagonjwa, baba."

"Sasa aljebra iko ya nini?"

"Furaha iko kule."

Hakucheka. "Mutoto, unachagua kozi ao unachagua kiti pembeni ya rafiki? Uliza kwanza kila moja inafundisha nini. Uchague ile utakayoihitaji siku mimi na Furaha hatuko."

Niliumia, lakini nilikwenda kuuliza, nikajiandikisha takwimu. Wiki za kwanza nilikaa peke yangu dirishani, macho kwenye mawingu yanayoelekea mto Lualaba. Mwalimu alituambia tutazame watu wengi kama unavyotazama mto toka mlimani: tone hulioni, unaona maji yanakoelekea. Maneno yale yaliniingia taratibu, kama usingizi mtamu.

Miaka ikapita, nikatumwa kituo cha afya huko Kabambare. Ugonjwa wa kuhara ukaja. Kijiji kikubwa kilituletea wagonjwa wengi. Kambi ya wachimba dhahabu, wachache tu. Mkuu wa kituo akataka dawa zote ziende kijijini.

Nikakumbuka takwimu, nikalinganisha wagonjwa na idadi ya watu wa kila mahali, nikamwambia, "Chef, kijijini wagonjwa ni wengi kwa sababu watu ni wengi. Kule kambini watu wenyewe ni kidogo, na karibu kila hema lina mugonjwa. Hatari iko kule."

Akaanza kufunga masanduku ya dawa. "Basi tuanze kambini."

Tulipanda pikipiki. Tukakuta watoto wamelala chini ya maturubai, midomo imekauka, na mama zao hawana tena nguvu ya kuwabeba hadi kwetu. Tuliwanywesha maji ya chumvi na sukari kijiko kwa kijiko, wengine tukawatundikia serum, maji ya kuingia mshipani. Si wote waliopona, mwanangu. Bado nawaona wale walioondoka. Lakini wengi waliamka, wakaomba uji.

Basi wewe unayechagua leo, usiulize tu ipi ni rahisi, wala wenzako wamekimbilia wapi. Uliza kozi inafundisha nini, na kama inakufungulia masomo ya mbele. Kama msingi wako wa hesabu ni dhaifu, anza na ile ya chini bila haya. Na usidharau za wengine. Aljebra ilimfaa Furaha, leo watu wanavuka kwenye madaraja yake.

Mungu akupe kichwa chepesi na mwalimu mwenye subira. Popote watu watakapokuita kwa machozi, akufikishe mapema, na ukifika ujue la kufanya. Amina.